Gazeti la Jumamosi Lafika Magwagwa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na kazi mbili na taipureta moja, na aliyeteseka zaidi ni taipureta. Mchana nilikuwa mwakilishi wa gazeti moja la Kiswahili la Nairobi, mtu wake wa Kisii nzima, kutoka Suneka mpaka Magwagwa. Jioni nilikuwa mwandishi wa riwaya. Hilo la pili tulilijua mimi na mke wangu tu, na yeye alilijua kwa sababu alitaka kuelezwa mafuta ya taa yanakwenda wapi.

Nilikuwa nimepanga chumba mjini Kisii. Mke wangu aliishi nyumbani kwetu Magwagwa, hatua chache kutoka kwa wazazi wangu, akichuma chai na kulea watoto. Nilienda nyumbani Ijumaa jioni ili Sabato inikute nikiwa na koti safi, kisha Jumamosi jua likizama nilirudi mjini, maana Jumapili ndiyo siku ya harambee na mpira, na mwandishi wa habari asiyekuwepo Jumapili ni sawa na hayupo kabisa.

Habari nilizipeleka kwa simu kutoka posta. Unamwomba opareta akuunganishe na Nairobi, unakaa kwenye benchi, ukiitwa unaingia kibandani na kuisoma habari yako kwa sauti kubwa, nukta kwa nukta, huku mtu wa Nairobi akiipiga taipu. Mlango wa kibanda ulikuwa haufungi vizuri. Watu waliopanga foleni ya stempu walizipata habari siku moja kabla ya nchi nzima, na wengine walinisahihisha. Mama mmoja kutoka Mosocho aliwahi kunigongea kioo akaniambia kwamba ng'ombe waliopigwa na radi walikuwa wake, wote walipona isipokuwa mmoja, na nisimwongezee msiba.

Shida yangu ni kwamba kazi hizi mbili zilianza kuambukizana. Siku moja mvua ya mawe ilipiga mashamba ya chai upande wa Nyamira, nami nikakimbilia posta nikiwa na karatasi zangu. Nikasoma jinsi anga lilivyokunja uso tangu asubuhi. Nikasoma ukimya wa ndege. Mhariri wangu, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole na kalamu isiyo na huruma, akaichukua simu kutoka kwa mpigaji taipu.

"Ndugu yangu," akasema, "watu wangapi wameumia?"

"Hakuna aliyeumia."

"Chai je?"

"Chai imeharibika. Ndiko nilikokuwa naelekea."

"Umepitia wapi? Mimi niko aya ya nne na bado naangalia mawingu."

Akayakata mawingu, akawakata ndege, akaacha sentensi moja tu ya mwisho, labda kwa kuchoka: "Mvua ilipokwisha vilima vilikuwa vyeupe, na wanawake walisimama na vikapu vitupu, wasijue mikono waiweke wapi." Nililinunua gazeti lile, nikaisoma sentensi ile nikitembea barabarani, nikajiona mwamba. Nusura nigongwe na mkokoteni.

Kwa upande wa pili, riwaya nayo iliugua ugonjwa wa habari. Nilipomsomea mke wangu sura ya kwanza, ilianza hivi: kijana mmoja mwenye umri wa miaka ishirini na miwili alimpenda msichana jana alasiri karibu na daraja, na kwa mujibu wa walioshuhudia, msichana huyo alitabasamu. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Huyu kijana anapenda," akauliza, "au anashtakiwa?"

Niliikunja ile karatasi nikaondoka kwa hasira, kisha nikarudi kuiandika upya, kwa sababu alikuwa amesema kweli na sikuwa na mhakiki mwingine.

Sasa nimlete baba yangu. Alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mrefu, mwenye koti moja jeusi ambalo alilitumia kwa kila kitu: kuvaa, kufunika mzigo, na kufutia miwani kwa pindo lake. Hakutaka niwe mwandishi. Alikuwa ameniandalia njia ya ualimu katika shule ya kanisa, na nilipoikataa tukakaa miezi mingi tukisalimiana kama watu waliokutana sokoni. Kilichotupatanisha ni jina langu kuchapishwa. Siku alipoliona kwenye gazeti, chini ya habari ya barabara mbovu, alilibeba gazeti lile mpaka kituo cha kununulia majani ya chai akawasomea watu. Tangu siku ile hakuacha.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati na mizani iliyoning'inia. Wakulima, wengi wao wanawake, walimwaga majani juu ya magunia, wakayachambua, wakasubiri lori la kiwanda. Lori lilikuja siku kadhaa za wiki, Jumapili ikiwemo, ila Jumamosi halikuja, maana pale karibu wote tulikuwa Wasabato. Na lori lilikuwa linachelewa kila siku. Baba alisimama juu ya jiwe, akafungua gazeti, akalitafsiri kwa Kigusii sentensi kwa sentensi, maana wengi hawakuelewa Kiswahili cha gazetini. Hakusoma habari za marais. Alisoma zangu. Kama sikuwa na habari siku hiyo, aliwaambia kwamba dunia imetulia.

Kwa baba, gazeti lilikuwa na uzito karibu na ule wa Biblia, na sababu ilikuwa moja: mwanawe hasemi uongo. Hadithi za kubuni hakutaka kuzisikia. Kanisani alikwisha kusimama akawaonya vijana kuhusu vitabu vya riwaya, akisema mtu anayekaa chini kwa makusudi kuwatungia wenzake mambo yasiyotokea ana tofauti gani na mlaghai wa sokoni. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, sura ya saba ya mlaghai ikiwa kwenye mkoba wangu kule nyumbani. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi siku moja mhariri akaniambia kwenye simu kwamba mtu aliyekuwa akiwaandikia hadithi ya mfululizo ameingia mitini, na kuna nafasi ya nusu ukurasa inalia. Alikuwa amesikia kwamba nina kitu. Sijui alisikia wapi. Nafikiri yale mawingu yalinichongea. Nikampelekea riwaya yote kwa basi, nikiwa nimeifunga kwa kamba ya katani. Wiki mbili baadaye akasema itatoka.

"Unataka Jumatano au Jumamosi?" akauliza.

Hapa ndipo nilipojiona mjanja. Nikasema Jumamosi. Siku ya Sabato baba hagusi gazeti hata likimwangukia mapajani. Jumapili atasoma la Jumapili. Nusu ukurasa wangu utapita kimya kimya kati ya jua kuzama na jua kuchomoza. Mhariri akauliza pia kama ningependa kutumia jina la kubuni. Ningesema ndiyo, hadithi hii ingeishia hapo na mimi ningelala usingizi. Lakini nilikuwa nimengoja miaka mingi kuliona jina langu juu ya riwaya. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba sina haja ya kujificha.

Inabidi nieleze kwa nini nilihitaji kujificha, na si uongo tu ulionitia hofu. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni haya ya heshima kati ya wazazi na watoto. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa; akija, hukaa nje. Mambo ya mwanamume na mwanamke hayatajwi baba na mwana wakiwa pamoja, na mbele ya mkaza mwana ndiyo kabisa. Na riwaya yangu, katika sehemu yake ya sita, ilikuwa na kijana na msichana waliokimbia mvua wakaingia jikoni kwa mama yake msichana, na mama hayupo. Sikuandika matusi. Lakini niliandika vya kutosha. Tena yule baba mkali wa kijana, aliyempinga huyo msichana kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, nilikuwa nimemvika koti jeusi. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilikuwa nafikiri kwamba baba yangu hatasoma.

Ijumaa iliyofuata sehemu ya kwanza nilifika nyumbani nikiwa na kichwa juu. Mjini watu wawili watatu walikuwa wamenipongeza. Mke wangu akanikaribisha, akaniwekea maji ya kunawa, akasema bila kuniangalia, "Tata anasoma ile hadithi yako kule kituoni."

Tata ndivyo tunavyowaita baba zetu. Nikamwambia haiwezekani, inatoka Jumamosi.

"Mjini inatoka Jumamosi," akasema. "Huku gazeti la Jumamosi linafika Jumapili."

Nikaketi. Mjini gazeti lilifika siku hiyohiyo. Magwagwa lilifika kesho yake, na hakuna mtu katika Kenya nzima aliyelijua jambo hilo kuliko mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kuandika habari kulalamika kwamba wakulima wa Magwagwa wanasoma mambo yaliyopoa. Baba aliisoma habari hiyo kituoni. Aliisoma siku moja baada ya kutoka.

"Anaisoma kama hadithi?" nikauliza.

"Neno hadithi hakulitaja. Alisema mwanangu ameleta habari ndefu, itakuja kwa vipande. Watu wanataka kujua huyo msichana ni wa nani. Kuna mmoja amesema anawajua watu wao, wako Suneka. Mwingine ameuliza kwa nini chifu hajaitwa kuangalia huo mpaka."

Nikamuuliza baba anaonekanaje anaposoma. Akafikiri. "Anafurahi," akasema. "Lakini wewe niambie jambo moja. Wale wawili hawataingia mahali, sivyo? Maana mimi nasimama pale na kikapu changu. Wewe uko mjini. Mimi nitakimbilia wapi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ulikuwa ni uongo wa kubuni, na sikuuandika popote.

Tangu hapo sikupata amani. Kama baba angeisoma ile sehemu ya sita kwa mdomo wake, mbele ya wake za wanawe, angekuwa amefedheheshwa na mtoto wake mwenyewe katika kituo alichokifanya cha fahari yake, na nilijua asingesimama tena juu ya jiwe lile. Angerudi kunisalimia kama mtu wa sokoni, na safari hii ingekuwa ni mpaka mwisho. Jumatatu ya wiki ambayo sehemu ya sita ingetoka nikapiga simu Nairobi nikamwomba mhariri aondoe sehemu ile, au angalau jiko.

"Jiko?" akasema. "Ndugu yangu, hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ambayo haina 'kwa mujibu wa'. Usiniharibie."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu ya kwanza kama mtunzi, na niliipokea nikitokwa jasho, huku foleni ya stempu ikisikiliza. Akaongeza kwamba Jumapili ya wiki hiyo mheshimiwa mmoja mkubwa atakuwa na harambee Suneka, na nisikose.

Ijumaa ile sikwenda nyumbani, na Jumamosi yenyewe, Sabato au si Sabato, nilikwenda kwa wakala wa magazeti pale Kisii mapema, nikiwa nimepanga kuinunua nakala ya Magwagwa kabla haijaondoka. Ilikuwa nakala moja tu, ya baba. Wakala akaniambia kifurushi cha Nyamira kimepanda basi moja kwa moja kutoka barabarani. Akanipongeza pia. Alikuwa amekwisha kusoma. Akanikonyeza kwa namna ambayo ilinifanya nitamani ardhi ipasuke.

Jumapili asubuhi nilikuwa na njia mbili. Suneka kulikuwa na mkate wangu. Magwagwa kulikuwa na baba yangu. Nilisimama stendi nikijifanya nasoma ubao wa mabasi, kisha nikapanda la Nyamira. Kutoka hapo nilitembea sehemu na kupewa lifti ya trekta sehemu, nikipanga njiani nitakavyomnyang'anya mzee wa kanisa gazeti mbele za watu. Nilipofika kituoni alikuwa amekwisha kupanda juu ya jiwe.

Nilijibanza nyuma ya magunia, karibu na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa amekuja na majani ya mama yake. Mke wangu alikuwa mbele, ameinama juu ya chai yake, akichambua majani ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Baba alikuwa anatafsiri kwa raha zake. Kijana na msichana wanatoka sokoni. Mvua inaanza. Wanakimbia. Wanaingia jikoni kwa mama yake msichana.

"Mama yupo?" mwanamke mmoja mzee akauliza.

Baba akaangalia gazeti. "Mama hayupo," akasema.

Mimi niliijua sentensi iliyofuata, maana nilikuwa nimeiandika na kuifuta mpaka karatasi ikatoboka. Niliyaona macho ya baba yakishuka kwenye ukurasa, yakaenda mbele, yakarudi. Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la koti. Akaivaa. Nilifikiria kupiga yowe la moto. Nilifikiria kuanguka. Nilijichukia, nikazichukia kazi zote mbili, nikatamani ningekuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya kanisa.

"Mara," baba akasema, akiendelea kuangalia gazeti, "mvua ile ikawa ya mawe."

Sikuwa nimeandika mvua ya mawe.

"Wakasikia mabati yanalia. Kijana akasema, ile miche ya chai ya mama itakwisha. Wakatoka mbio wote wawili, kila mmoja na gunia, wakaenda kuifunika. Wakafunika mpaka mikono ikafa ganzi." Akageuza ukurasa, ukurasa ambao haukuwa na sababu ya kugeuzwa. "Mvua ilipokwisha vilima vilikuwa vyeupe, na wanawake walisimama na vikapu vitupu, wasijue mikono waiweke wapi."

Wanawake wakaguna kwa uchungu, maana mvua ile waliijua wote. Mwenye kuuliza kama mama yupo akajifuta macho. Nami nilisimama nyuma ya magunia mdomo wazi. Ile ilikuwa sentensi yangu, ile moja ambayo mhariri aliiacha. Baba alikuwa ameihifadhi kichwani neno kwa neno miaka yote ile, na siku alipohitaji kitu cha kuniokoa nacho, aliichukua hiyo.

Mwalimu aliyekuwa kando yangu, ambaye bila shaka naye alikuwa amelisoma gazeti mahali, akakohoa kidogo. "Habari zako zina mvua nyingi," akaninong'oneza.

Jioni nikaenda kumsalimia baba. Alikuwa ameketi chini ya upenu wa nyumba yake.

"Umekuja Jumapili," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Mvua ya mawe ni mbaya kwa chai."

"Ni mbaya sana, Tata."

Huo ndio ulikuwa mjadala wetu wote juu ya riwaya yangu ya kwanza.

Jumatatu mhariri alikuwa wa kwanza kunipigia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Opareta alituma mtu kuniita mbio. Kumbe kule Suneka jukwaa lilianguka na mheshimiwa, pamoja na ng'ombe dume wa zawadi ambaye sijui nani alimpandisha. Hakuna aliyeumia isipokuwa heshima. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka Kisii tangu niajiriwe, na magazeti mengine yote yalikuwa nayo.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa na shughuli za kifamilia."

"Familia yako nayo imeangukiwa na jukwaa?"

Akaniambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba nikikosekana Jumapili nyingine atatafuta mtu asiye na familia. Nikaapa kwamba haitatokea tena. Na Jumapili iliyofuata nilikuwa Magwagwa nyuma ya magunia.

Jamani, ningefanyaje? Katika hadithi yangu, baada ya lile jiko, msichana alikuwa mjamzito. Katika hadithi ya baba, msichana alikuwa amefunika miche. Kila nilichoandika baada ya hapo kilisimama juu ya jambo ambalo, kwa watu wa Magwagwa, halikutokea. Baba asingeweza kurudi kwenye gazeti hata angetaka. Ilibidi abuni kila wiki, mchana kweupe, mbele ya nusu ya kanisa lake, na mimi mwenye hadithi sikujua kitakachofuata. Nikamwomba rafiki yangu mmoja wa Mosocho aniangalizie harambee, nami nikawa napanda basi la Nyamira kwenda kusikiliza wahusika wangu wamefikia wapi.

Walikuwa wanaendelea vizuri kuliko kwangu. Baba aliwapa mbuzi. Mbuzi huyo alivuka mpaka wa shamba uliokuwa ukigombaniwa, akazaa upande wa pili, na wale wazee wawili wakalazimika kuongea. Hadithi yangu ilikuwa na mapenzi, mimba na hasira. Yake ilikuwa na mbuzi, na kituo chote kilikuwa upande wa mbuzi. Wanawake walibishana juu yake wakati wa kupima majani. Karani wa mizani alisimamisha mizani ili asikie. Niliona wivu, sitaki kudanganya. Niliwahi hata kumkosoa mbele ya mke wangu, nikasema mwendo wa hadithi umekuwa wa polepole. Akaniuliza kama mhariri wa Nairobi angeacha hata ukwato mmoja wa mbuzi kama ningemwandika mimi.

Sehemu ya mwisho ilipokaribia, furaha ikanitoka. Mwisho wangu nilikuwa nimeuandika kwa moyo wote, wakati ule wa kusalimiana kama watu wa sokoni. Baba wa koti jeusi anamfukuza mwanawe. Kijana anapanda basi la Nairobi. Basi linaondoka Kisii, na kijana hatazami nyuma. Niliupenda mwisho ule kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Na sasa ningemwona baba akiusoma kimoyomoyo, amevaa koti lenyewe.

Jumapili ile lori lilichelewa zaidi, na watu walikuwa wengi. Baba akapanda juu ya jiwe. Mara hii sikujificha. Nilisimama kando ya mke wangu, pale ambapo baba angeniona. Akaniona. Akaanza. Alisoma ukali wa yule baba kama nilivyoandika, bila kupunguza neno. Alisoma koti. Alisoma kijana akipanda basi. Nilijua kwa sababu nilikuwa nahesabu maneno yangu yakipita mdomoni mwake, moja moja, na kila moja lilinichoma.

"Basi likaondoka Kisii," akasema, "na kijana hakutazama nyuma."

Akavua miwani. Safari hii hakuifuta. Aliikunja akaitia mfukoni, akalikunja na gazeti pia, watu wakadhani amemaliza.

"Basi likafika Sotik," akasema, mikono mitupu. "Kijana akashuka. Akapanda jingine la kurudi. Alipofika kwao alimkuta baba yake ameketi nje ya mlango wa nyumba ya kijana mwenyewe, kwenye kigoda alichokuja nacho, maana baba haingii nyumba ya mwanawe. Kijana akamuuliza, Tata, unafanya nini hapa? Baba akasema, sikuja kuingia. Nimekuja kukaa karibu."

Kisha akashuka kwenye jiwe. Honi ya lori ikasikika huko chini, kila mtu akakimbilia kikapu chake. Mke wangu aliinua chake, akanitazama, akanisukuma kidogo kwa bega.

Jioni nilikuwa nyumbani kwangu najiandaa kurudi mjini niliposikia mtu akikohoa nje. Nilitoka. Baba alikuwa ameketi kando ya mlango wangu kwenye kigoda chake. Kilikuwa ni kile cha miguu mitatu kutoka jikoni kwa mama, na alikuwa amekibeba mwenyewe kupandisha mlima. Nikaketi kizingitini, mimi ndani na yeye nje. Tukaangalia mashamba.

"Kesho unaandika nini?" akauliza.

"Lile jukwaa la Suneka, Tata. Wameanza kulijenga upya."

"Andika ukweli."

"Ndiyo, Tata."

Akalishika pindo la koti.

"Na ile nyingine," akasema. "Usiiache."

Niliingia ndani kumwambia mke wangu Tata anahitaji chai, nikakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliponiuliza macho yangu yana nini nikamwambia ni moshi. Akaniambia jiko lenyewe bado hajaliwasha.